Tuma na ya kutolea

Alhamisi kliniki kwetu ni ya wazee. Benchi linajaa mapema, mi hata viatu vya barabarani sijavua, na maongezi yao ni ya polepole, mvua, bei ya mahindi, nani kafiwa na msiba uko wapi. Siku hiyo, mwaka juzi, nilikua nimekaa pembeni na tableti mpya ya mradi mapajani, kava la bluu, bado inanukia dukani, na kazi yangu ilikua kumuuliza kila mgonjwa maswali kumi na mawili ya hali ya maisha. Sio ya ugonjwa. Unalala wapi, unakula nini, umefikaje hapa, nyumbani kuna mtu anakupiga. Mradi wenyewe siutaji, wanajijua, na watu wake walikua wastaarabu tu na chai na chapati walituletea.

Akaja bibi mmoja ninayemfahamu siku nyingi, anatoka huko bondeni kama kilomita kumi na nane, kadi yake ya kliniki kaiweka ndani ya mfuko wa rambo uliokunjwa mara nne. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikaanza. Swali la tano nikalisoma vile vile lilivyoandikwa, kwamba ndani ya siku 30 zilizopita kuna siku ulilala bila kula kwa sababu hukuwa na chakula wala hela ya kununua.

Bibi akanyamaza. Akasema ziko. Nikagusa NDIYO, tableti ikanirusha swali la sita, la choo.

La choo hakulijibu. Alijifunga mtandio wake vizuri, akairudisha kadi kwenye rambo, akaniuliza, "Haya mwanangu, nisubiri hapa hapa au niende dirishani?"

Sikumuelewa. Nikamuuliza dirisha gani tena bibi.

"Hilo la chakula."

Yaani kwa akili yake, na mi nasema hiyo ndo akili timamu, mtu mzima hawezi kukuuliza mbele za watu kama ulilala njaa halafu nyuma yake hamna sufuria. Kwetu ukimuuliza mgeni kama amekula ujue ushapakua. Sasa mi nimemuuliza, nimegusa kitufe, na nyuma yangu kulikua na kabati la mafaili na feni iliyoharibika. Nikamwambia dirisha bado halijafunguliwa bibi. Uongo. Akasema hewala, akaenda kuchukua dawa zake, akaondoka kwa miguu mpaka stendi.

Nimekaa na hiyo kitu muda mrefu, na ndo maana naandika leo, maana naona sasa kila mtu anaongelea teknolojia ya afya, apu hii, sistimu ile, akili mnemba itamhudumia mgonjwa kijijini, na kwenye semina wanasema tusitibu ugonjwa peke yake tutibu na maisha ya mgonjwa. Nakubali kabisa. Mi ni nesi wa CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, huu mwaka wa kumi na moja, wilaya moja ya mkoa wa Tanga, na nakuhakikishia hakuna mtu anayejua kama sisi kwamba dawa ni bure ila kuifikia sio bure.

Kila Ijumaa tunachapa orodha ya watoro. Mtoro ni yule ambaye tarehe yake imepita na hajaonekana, hilo neno silipendi, kama watoto wa shule vile, lakini ndo tunalolitumia. Ukiwafuatilia mmoja mmoja huko majumbani hukuti mtu aliyekataa dawa, labda mmoja kwenye ishirini. Unakuta nauli. Unakuta mama kafiwa na mume, shemeji wamechukua shamba. Unakuta kijana yuko kwenye mkonge, akiomba ruhusa msimamizi anamuuliza kila mwezi unaumwa nini wewe, kaona bora aache. Unakuta mtu anameza ila anameza tumbo tupu, kichefuchefu kinamtesa, kaacha. Na wako wanaoficha dawa kwenye gunia la unga maana mume hajui. Haya yote kwenye kompyuta yetu yanaingia kama kitu kimoja tu: "Hajahudhuria".

Sasa kuna kitu kilifanyika Kenya zamani kidogo ambacho mi nakipenda sana, na kila nikipata mtu wa mradi namwambia kabla hajafungua laptopu yake. Kiliandikwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Walichukua wagonjwa 538 waliokua wanaanza ARV kwenye kliniki tatu, mbili Nairobi na moja Kajiado, nusu wakapewa huduma ya kawaida, nusu nyingine kila Jumatatu nesi wa kliniki anawatumia meseji. Meseji yenyewe neno moja. "Mambo?"

Basi. Haina jina la dawa, haina kumbuka kumeza, hata jina la hospitali halimo. Mume akiiona, mama mkwe akiiona, mwenye duka anakochajia simu akiiona, ni mambo tu, nani hajawahi kutumiwa mambo. Na mgonjwa anatakiwa ajibu ndani ya siku mbili, mojawapo kati ya maneno mawili: Sawa, au Shida. Akijibu Shida, nesi anampigia. Asipojibu, nesi anampigia. Simu za kawaida za batani, hamna apu, hamna bando.

Mwisho wa mwaka waliokua wanatumiwa "Mambo?" asilimia 62 walikua wanameza dawa vizuri, wenzao 50. Ambao virusi vyao vilikua vimeshuka chini kabisa ni asilimia 57 ya watu upande wa meseji na 48 upande wa pili. Kwa mtu wa hesabu hiyo sio miujiza. Kwa mtu aliyewahi kubeba jeneza la mgonjwa wake mwenyewe hizo tisa ni watu.

Ila watu wakiisimulia hii habari wanasimulia meseji. Ooh, SMS inaokoa maisha. Mi nikiisoma namwona yule nesi. Meseji ilikua ni hodi tu, kazi imeanza pale mtu anaposema Shida na upande wa pili kuna binadamu mwenye salio na muda, na anayemjua kwa sura. Na ujanja mwingine wa ile kitu, hawakumwambia mgonjwa achague shida yake kwenye orodha. Neno moja tu, mengine tutaongea. Nenda kamuulize mtu kwenye tableti, mbele ya mjukuu wake, kama anapigwa nyumbani, uone kama atakwambia. Ila akupigie saa mbili usiku mwenyewe, atakwambia mpaka utachoka.

Sisi tulijaribu ya kwetu kienyeji. Simu ya kliniki, Tecno moja ya zamani kioo kimepasuka kona, namba zote tumeziandika kwenye daftari kubwa na kwenye sistimu. Ikaja Januari 2020, zile laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa. Wazee wengi walikua hawana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, wengine vidole vimelimika jembe mpaka mashine haivisomi. Nilikaa siku nzima napiga namba za daftari, kila baada ya mbili ya tatu haipatikani. Watu hawakupotea, namba ndo zilipotea. Baadae wakasajiliwa laini na watoto wao, wapwa zao, wengine na jirani mwenye kitambulisho, kwahiyo ukipiga namba ya mgonjwa anapokea mtu usiyemjua na wewe huwezi kusema unatokea wapi. Unasema naomba kuongea na mama, wewe nani, mimi mwenzake wa kikoba. Nimeshakua mwenzake wa vikoba kama arobaini.

Na hapo ndo ule mradi wa tableti ulipofanya kosa ambalo mpaka leo likinijia nasikia baridi. Sistimu yao ilikua inatuma meseji yenyewe, hakuna wa kuiona kwanza, inamkumbusha mgonjwa tarehe ya kliniki, na chini imeandikwa kabisa kituo cha tiba na matunzo. Dada mmoja, mfanyabiashara wa samaki wa kukaanga, simu yake ilikua kwa wifi yake siku hiyo. Kilichofuata sitakiandika chote. Alirudi kwao na begi moja na mtoto mgongoni. Tulipowaambia wenye mradi walisikitika, kweli walisikitika, wakasema watarekebisha maneno ya meseji kwenye toleo lijalo. Toleo lijalo! Wakenya walishalijua hilo zaidi ya miaka kumi nyuma kwa neno moja la herufi tano.

Sawa, nisionekane mtu wa kulalamika tu, maana kuna vitu hapa hapa nchini vimefanywa na vikafika. Vinafika kwa sababu vimebeba kitu mkononi.

Hospitali ya CCBRT kwa mfano, pale Msasani Dar. Wanawake wenye fistula, wale wanaovuja mkojo baada ya uzazi mgumu, matibabu yalikua bure lakini wodi haijai, wakati wagonjwa wamejaa vijijini wamefichwa vyumba vya nyuma. Kwanini? Mtu anatoka Kigoma au Sumbawanga, hana nauli, na kwenye basi atakaaje akiwa na hiyo hali. M-Pesa ilikua imeingia Tanzania 2008, na mwaka uliofuata wakaanza kuitumia kutuma nauli. Wana mabalozi wao huko mikoani, anaweza kua nesi, mwalimu, au mwanamke aliyepona mwenyewe. Balozi akimpata mgonjwa anapiga simu, hospitali inatuma nauli kwenye simu ya balozi, anamkatia tiketi anampandisha, na mgonjwa akifika salama balozi naye anapata kifuta jasho chake. Hebu angalia hiyo kitu ilivyo na akili, pesa haijatumwa kwa mgonjwa ambaye hana simu, imetumwa kwa mtu anayeaminika kijijini, na malipo yake yanasubiri mgonjwa ashuke kwenye basi. Hakuna dodoso la umaskini hapo. Shida ilijulikana ni nauli, ikatumwa nauli.

Na m-mama, hii wengi mnaijua au mmeisikia redioni. Unapiga 115, bure, mama mjamzito hali imebadilika, au amejifungua ndani ya siku 42, au kichanga chini ya siku 28. Anapokea mtu kwenye kituo, ana programu mbele yake inamwongoza maswali, anaamua huyu aende wapi, na kama ambulansi haipo karibu au iko gereji, kama unavyojua ambulansi zetu, anapigiwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari yake aliyeandikishwa, anambeba mama, anafikisha, hela inaingia kwenye simu yake. Ilianzia huko kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, 2022 ikatangazwa nchi nzima. Unaweza kuiita teknolojia ya afya lakini kiukweli ni teknolojia ya usafiri, na mi kwangu hilo ni sifa.

Nina binamu yangu yuko Marekani, tunaongea WhatsApp Jumapili. Nikamsimulia ya bibi na dirisha akacheka, akasema hata kule akienda kliniki anapewa tableti anaulizwa kama mwezi huu umeme ulitaka kukatwa, kama chakula kilimwishia. Nikafuatilia. Kumbe serikali yao iliendesha mpango kuanzia 2017, miaka mitano, walipima watu zaidi ya milioni moja kwa maswali ya namna hiyo hiyo, makazi, chakula, usafiri, umeme na maji, na usalama nyumbani. Kumuuliza mtu iliwezekana, na watu walikubali kuulizwa. Wakawekewa na watu wa kuwaelekeza wapi pa kupata msaada. Lakini tathmini ilipotoka, kuelekezwa peke yake hakukuongeza sana idadi ya waliofikia msaada wala walioondokewa na shida zao. Foleni ya nyumba ni ile ile hata ukielekezwa vizuri namna gani. Nikajisemea kumbe hata wenye hela wamejenga swali kabla ya dirisha.

Alafu kuna hii nyingine ilinichekesha kwa uchungu. Kile kitabu cha kodi za magonjwa, kodi za kompyuta sio za TRA, yaani ICD-10, ambacho kinatupa herufi na namba za kila ugonjwa, kina kodi za maisha pia. Zinaanza na Z. Z59.5 ni ufukara uliokithiri. Z59.4 ni kukosa chakula cha kutosha. Z60.2 kuishi peke yako. Yaani njaa ina namba yake rasmi duniani kote kama malaria! Nikafungua kompyuta yetu nitafute Z59.4 niiweke kwa bibi, kwenye orodha ya kuchagua haimo, walioitengeneza waliiruka. Nikaandika kwenye sehemu ya maoni: halali ameshiba. Nani atasoma hayo maoni sijui.

Na ngoja niseme kitu ambacho watu wa teknolojia hawapendi kukisikia. Dawa kubwa ya tatizo la nauli kwenye kliniki yetu haikutoka kwenye simu kabisa. Ilitoka pale tulipoanza kutoa dawa za miezi mitatu, baadae miezi sita, kwa wale virusi vimelala. Mtu aliyekua anakuja mara kumi na mbili kwa mwaka anakuja mara mbili. Orodha ya Ijumaa ikafupika nikadhani printa imeishiwa wino.

Haya, turudi kwenye kadhia ya bibi, maana baada ya ile Alhamisi sikulala vizuri.

Nilienda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali yetu. Yeye ofisi yake iko nyuma ya famasi, mlango mmoja na stoo, na kazi yake kwa watu wengi ni kugonga mihuri ya msamaha. Nikamwambia kaka, mi nina watu nimewauliza shida zao na nimewaandika na sina pa kuwapeleka. Akacheka, akafungua droo akanionyesha karatasi, nyingi, za watu aliowaandika yeye. Tukakaa. Yeye anamjua mtendaji wa kata, anajua nani yuko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na nani aliachwa kwenye orodha kwa sababu siku ya kuandikishwa alikua kalazwa. Mi nawajua wagonjwa. Mwenyekiti wa bodaboda wa stendi namjua maana mke wake alijifungulia kwetu. Basi tukafungua grupu la WhatsApp, watu sita, tukaliita Nauli. Sheria ya kwanza, hamna jina la mgonjwa wala ugonjwa humo ndani. Tunaandika "abiria mmoja, bondeni, Alhamisi saa mbili" na mwenyekiti anajua la kufanya. Yule kijana wa bodaboda anajua tu anampeleka mama hospitali, na hospitali watu wanaenda kwa mengi.

Hela tulichanga. Manesi watatu, daktari mmoja, yule kaka wa ustawi, na Mwarabu mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye hajawahi kuuliza za nini. Mwanzoni tukawa tunawatumia wagonjwa wenyewe kwenye simu. Nauli elfu nane kwenda na kurudi, tunatuma elfu nane. Na hawaji. Nikakasirika, nikasema unaona sasa, watu wanakula hela. Mpaka mama mmoja akaniambia taratibu kabisa, akiwa anaangalia chini, "Sista, mlituma bila ya kutolea."

Jamani! Mtanzania mzima mimi, kila siku naambiwa tuma na ya kutolea, mwenyewe namwambia kaka yangu tuma na ya kutolea, nikaja nikasahau kwa wagonjwa wangu. Elfu nane ikifika kwa wakala sio elfu nane, mtu anabaki na pungufu, na pungufu ya nauli sio nauli pungufu, ni hakuna nauli. Konda hakushushi kilomita tatu kabla ya hospitali akakwambia hizi zilizobaki malizia na miguu. Au anakushusha kweli. Na mwaka 2021 zile tozo za miamala zilipokuja, Julai ile, ndo kabisa, hela inakatwa kutuma, inakatwa kutoa, mpaka zilipoanza kupunguzwa Septemba watu walirudi kwenye kutumiana hela kwa dereva wa basi kwenye bahasha. Hilo nilikua nalijua kama mwananchi. Kama nesi sikuliunganisha.

Tangu hapo kila mtu akija na apu yake mpya kliniki, kijana mzuri ana kitambulisho shingoni, namuuliza swali moja, je na ya kutolea ipo? Wengi wanadhani naomba posho. Namwelezea. Umeniletea kitu cha kumuuliza mgonjwa kama ana chakula, vizuri, nani anampa chakula akisema hana? Umeniletea meseji ya kumkumbusha, vizuri, akijibu nani anasoma, na ana salio la kumpigia? Umeweka namba ya huduma, je ni bure kwa mtu asiye na salio, na akipiga saa nne usiku inapokelewa? Mwaka huu mmoja alifikiria sana akasema, dada hiyo haikuwepo kwenye bajeti. Nilimpenda kwa kusema ukweli.

Wenzetu Kenya Septemba 2023 waliwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja simu janja na mikoba ya vifaa, na wanalipwa posho ya mwezi, shilingi elfu tano za kule, nusu serikali kuu nusu kaunti. Nasikia malalamiko ya kuchelewa kwa posho hayakosi, sishangai. Ila pale angalau wameelewa kwamba simu inatembea kwa miguu ya mtu, na mtu anakula.

Grupu letu halijawa mradi, na sitaki liwe. Kuna miezi hela inaisha tarehe kumi na tano. Kuna mzee tulimtumia nauli mara tatu akanywea mara tatu, ya nne tukamtumia bodaboda moja kwa moja mlangoni akapanda huku anatukana. Chakula bado hatujakiweza. Nauli ni rahisi, nauli ina bei na ina mwisho, njaa haina mwisho. Yule kaka wa ustawi alifanikiwa kumrudisha bibi kwenye orodha ya TASAF ilipopitiwa upya, ilichukua karibu mwaka na safari nne za kata, na kwenye hizo safari tableti ya mradi haikuhusika hata kidogo, ilishaisha muda wake, ziko tatu kabatini na chaja zake ndo tunachajia Tecno yetu.

Bibi mwenyewe hajui kusoma, kwahiyo Mambo kwa meseji haiwezi. Ana simu ya tochi aliyopewa na mjukuu na salio hana kamwe. Tukakubaliana hivi: Jumatatu asubuhi anibipu. Akibipu mara moja ni sawa. Akibipu mara mbili ni shida, nitampigia mimi. Hatumii hata senti. Amekua akinibipu karibu mwaka sasa, saa moja na nusu juu ya alama, kabla sijamaliza chai, ile simu inaruka mara moja inakata, na mi naweka tiki kwenye daftari. Mara mbili zimekuja kama tano hivi, moja ilikua mguu umevimba, moja paa limeezuliwa, nyingine mjukuu kafukuzwa shule.

Jumatatu iliyopita akabipu mara tatu.

Tatu hatujawahi kuipanga. Nikaacha chai, nikatoka nje ya nyumba pale kwenye mtandao mzuri, moyo unaenda mbio, nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Akapokea, nyuma nasikia kuku.

"Bibi, shikamoo, kuna nini?"

"Marahaba. Hamna kitu."

"Umebipu mara tatu bibi."

"Najua," akasema. "Nimevuna kunde. Sasa nakuuliza, Alhamisi nikuletee za majani au unataka kavu?"